Siku mama mkwe alipokutana na papa uso kwa uso

Mimi mzima, ila mfuko ndio unaumwa. Likizo ya shule inapiga hodi, na nyumbani kwangu swali limeshaanza: "Baba, mwaka huu tunaenda wapi?" Kila nikilisikia najifanya nimelala. Maana mara ya mwisho nilipolijibu bila kufikiri nilijikuta Durban, Afrika Kusini, nimebeba mabegi manne, kandambili jozi tatu na mkoba wa mama mkwe. Stori hii sijawahi kuwapa, na leo kwa kuwa mama watoto kasafiri, naimwaga yote.

Kwa wale wageni wa safu hii, mimi ni Mgogo, mtoto wa Kongwa, mtu wa vumbi na mlenda. Maji mengi niliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa kwenye ndoo. Mama watoto yeye ni mtu wa Mafia, kwao hasa ni Jibondo, kile kisiwa kidogo upande wa kusini. Wanaume wa huko kazi yao jarife. Kama wewe ni wa bara mwenzangu nikufahamishe: jarife ni ule wavu mkubwa wenye matundu mapana, wa kunasia papa na taa, siyo wa dagaa. Mama mkwe kazaliwa huko, kaolewa huko, kafiwa na mume huko, ndipo wanawe walipomleta Dar, akakaa Mbagala.

Sasa kulikuwa na kitu kimoja kinanikera. Mimi nilipotia mguu Dar nikaonjeshwa papa wa nazi, nikadata! Lakini siku mama mkwe akiwa kwangu, papa haingii jikoni. Si mkavu, si mbichi. Namuuliza mama watoto, ananijibu, "Mama hapendi harufu." Hee! Mtu wa Jibondo hapendi harufu ya papa? Si sawa na Mgogo kukimbia mlenda? Miaka kumi na minne ya ndoa nikawa nasema moyoni, haya ni maringo tu, bi mkubwa anamkomoa mkwe wa bara.

Basi bwana, Desemba 2018 shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye alikuwa anafanya kazi Durban na mambo yake si haba, akapiga simu. "Mleteni mama atembee, nauli yake juu yangu." Mama hajawahi kupanda ndege, hawezi kwenda peke yake. Mama watoto akasema atamsindikiza. Watoto, wa kike miaka 13 na wa kiume tisa, wakasema hawabaki. Mimi nikatazama hesabu, nikatazama kibubu, nikakivunja. Habari za ndege sikusimulii, ila mama alisali kutoka Dar mpaka Johannesburg bila kumeza mate, na alipopewa chakula akauliza kimechinjwa na nani.

Durban ya Desemba, msomaji, ni kama Coco Beach siku ya Idd lakini ifanye mara ishirini. Watu wote wa Johannesburg wanahamia pwani. Shemeji akatupeleka uShaka Marine World, pale Point, karibu na mdomo wa bandari. Jina wamelitoa kwa Shaka, yule mfalme wa Wazulu, na pamefunguliwa mwaka 2004. Kuna maduka na vyakula, halafu sehemu mbili za kulipia. Moja inaitwa Wet 'n Wild, hiyo ni ya kuteleza kwenye mabomba makubwa ya maji, unaachiwa juu unatokea chini roho mkononi. Ya pili Sea World, hiyo ndiyo ya samaki, pengwini, sili na pomboo.

Watoto bila kuuliza wakavuta upande wa mabomba. Na hapo ndipo nilipokwama. Kuteleza kunataka nguo ya kuogelea. Jamani, wewe mwanamume mzima, una kitambi chako cha heshima, utatembeaje na kichupi mbele ya mama mkwe? Kwetu Ugogo, kwao Mafia, popote pale, hiyo haipo! Shemeji kwake yule ni mama yake mzazi, akavua shati bila wasiwasi. Mimi nikasema, "Nendeni tu, mgongo unanisumbua." Mama watoto akanitazama jicho moja, akaelewa, akanitwika mabegi. Akasema, "Basi mpeleke mama akaone samaki."

Fikiria hiyo picha. Mtu na mama mkwe wake, peke yao, nchi ya ugenini. Sisi mazungumzo yetu ya miaka yote yalikuwa "Shikamoo mama," "Marahaba baba, watoto hawajambo?" Basi, yameisha. Tukatembea, mimi mbele na mabegi, yeye nyuma na kanga yake, kama tunakwenda msibani.

Sehemu ya samaki wameijenga mfano wa meli kuukuu ya mizigo iliyozama. Unaingia ndani ya meli, unashuka, taa hafifu, vyuma vimechakaa, ukifika chini unakuta vioo virefu kumpita mtu, na nyuma ya vioo bahari yenyewe. Mimi kidogo nirudi. Mama mkwe akasogea mbele na kuanza kuwataja kama anaita mahudhurio darasani.

"Huyu chewa. Mchuzi wake mzito, kichwa usitupe. Yule kolekole. Yule taa, mkaushe, umle na muhogo. Yule mkunga, muache kama alivyo. Huyu pono, nyama yake laini mno, huyu ale mgonjwa."

Watu wakaanza kugeuka. Mzungu mmoja na wanawe akawa anatufuata nyuma, nadhani alijua ni maelezo rasmi. Nikaona aibu, kumbe kijana mmoja mfanyakazi wa pale, Mzulu mwenye sare, kafurahi. Akaja kwa adabu zote, akainama kidogo mbele ya mama akasema, "Sawubona, Gogo."

Mama akanigeukia, uso umebadilika. "Kaniita nani?"

"Kasema Gogo, mama."

"Mimi Mgogo? Mimi?" Akamtazama yule kijana juu mpaka chini. "Mwambie mimi mtu wa pwani. Mgogo huyu hapa!" Na kidole kwangu.

Nikamweleza, mama, Kizulu gogo ni bibi, kakupa heshima. Akacheka mpaka akashika kioo. Miaka kumi na minne sikuwahi kumuona mama yule akicheka meno nje! Tangu hapo wakawa marafiki. Kijana anasema inyama, mama anasema nyama. Kijana anasema abantu, mama anasema watu, bantu, yale yale. Kiingereza changu cha kuokoteza nikawa mkalimani pale walipogota.

Tukafika kwa papa.

Walikuwa wakubwa, wengine wanapita mita mbili, meno yametokeza nje ya mdomo kama misumari iliyopigwa na fundi mlevi. Walikuwa wanapita polepole, wamekodoa, hawana haraka. Kijana akatueleza kuwa aina hiyo hupanda juu, humeza hewa na kuiweka tumboni ili aweze kuning'inia majini bila kuzama. Akaeleza na lingine lililonisisimua: mama papa wa aina hiyo ana mifuko miwili ya uzazi, na ndani ya kila mfuko mtoto anayetangulia kukua huwala wenzake wote mle mle tumboni. Ndiyo maana huzaliwa wawili tu.

Mama akasema, "Kumbe ubaya unaanzia tumboni." Halafu akanyamaza.

Nikadhani tumemaliza, nikainua mabegi. Hakusogea. Dakika kumi, dakika ishirini. Watoto wa watu wanapita mbele yake wanapiga kelele, yeye macho kwenye kioo. Papa mmoja akawa anazunguka, kila akirudi anapita karibu kabisa, kiasi cha mkono. Kila akipita mama anamfuata kwa macho mpaka anapotea gizani, halafu anamsubiri.

Nikauliza, "Mama, umechoka? Nikutafutie kiti?"

Akasema, "Papa nimewaona wengi kuliko nywele zako, baba. Wote maiti. Wanashushwa pwani, tunakata, tunatia chumvi. Wanawake hatuendi jarife. Hai sijawahi kumuona. Leo ndio namuona anavyotembea."

Kisha akanisimulia, bila kunitazama. Mwaka 1979, kusi limechachamaa, mumewe na wenzake wawili walitoka kwenda kuangalia jarife. Mama watoto alikuwa na miaka mitatu, shemeji alikuwa tumboni. Mashua ilionekana siku ya tatu, imepinduka. Mmoja wao aliokotwa, akazikwa. Wawili hawakuonekana mpaka leo, na mumewe mmojawapo. Hilo la kupotea baharini nilikuwa nalijua. Lililofuata nilikuwa silijui.

"Watu matangani wakasema wameliwa na papa. Wanasema pembeni, lakini nasikia. Nikatoka eda, nikaletewa papa nikate, maana kazi ndiyo hiyo na watoto wanataka kula. Nikashika kisu. Nikajiuliza, kama ni kweli alivyosema yule, huyu hapa nitakuwa namla nani? Toka siku hiyo nimekata, nimeuza, kinywani sijatia."

Msomaji, nilitamani ile meli izame kweli. Nilikumbuka Idd moja nilivyoingia na kilo tatu za papa nimezinunua Feri kwa makusudi, nikaagiza zipikwe, mama akiwa palepale barazani. Nikamtania kabisa, "Mama, leo mtavumilia harufu!" Watu wakacheka. Yeye alikunja mkeka wake akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Na mama watoto? Yeye naye aliambiwa ni harufu. Mama hakumwambia mwanawe hata mmoja, na mimi wa kuja ndiye niliyeambiwa, kwa sababu tu nilikuwa na kitambi na sikutaka kuvaa kichupi.

Sikujua la kusema. Nikasema, "Nisamehe mama, ile Idd." Akasema, "Ulikuwa hujui." Kimya.

Baadaye akaniomba nimuulize yule kijana swali moja: huyu anakula watu? Kijana akajibu taratibu, akisubiri nitafsiri. Akasema aina ile, pamoja na meno yake ya kutisha, hana kawaida ya kumfuata mtu. Kwa jumla papa kumvamia mtu ni jambo la nadra. Bahari inaua watu wengi mno kwa kuwazamisha kuliko papa wote walivyowahi kuua.

Mama akatikisa kichwa mara kadhaa. "Kusi," akasema. "Ni kusi tu lile." Akaongeza, "Na hata hivyo, yeye ndiye alikuwa akiwafuata wao."

Tulipotoka nje kwenye jua, kina mama watoto walikuwa wametukalia mkao wa kula, wamelowa, macho mekundu. Sikusema kitu. Hiyo ilikuwa siri ya mtu.

Tukaenda uwanja wa pomboo, viti zaidi ya elfu moja na vyote vimejaa. Muziki, pomboo wanaruka, watu wanashangilia, yule wa kiume wangu kasimama juu ya kiti. Yule wa kike kakunja mikono, hapigi makofi. Kumbe alikuwa ameangalia filamu ya Blackfish, ile ya mwaka 2013, akatutolea muhadhara: kwamba kule Marekani kulikuwa na nyangumi muuaji aitwaye Tilikum, alikamatwa mwaka 1983 karibu na Iceland akiwa bado mdogo, akaishi kwenye bwawa mpaka alipokufa Januari 2017, na mwaka 2010 alimuua mkufunzi wake pale SeaWorld ya Orlando. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2016 kampuni ikatangaza kuwa haitawazalisha tena. Shemeji akajitetea, hawa wa Durban majina tu yamefanana, si ndugu. Hawa wako chini ya chama cha utafiti wa bahari cha tangu 1951, kiingilio kinasaidia utafiti, na kasa wanaookotwa wagonjwa wanauguzwa pale na kurudishwa baharini. Binti akajibu, "Sawa anko, na pomboo je, wanarudishwa lini?"

Shemeji akawa bubu. Mimi nikajitia ujuaji, nikamkumbusha kwamba kule Kizimkazi, Unguja, wavuvi walikuwa wakiwawinda pomboo na kuwafanya chambo cha papa mpaka miaka ya 1990, na kilichowaokoa ni watalii kuja na pesa zao kuwatazama. Kwa hiyo kutazamwa nako kuna faida. Nikadhani nimefunga mjadala. Akasema, "Lakini kule baba wanatazamwa wakiwa kwao." Haya. Unamsomesha mtoto kwa hela yako mwenyewe, anakuja kukufunga goli mbele ya mkweo! Tena nilipomuibia jicho mama mkwe, naye alikuwa hapigi makofi. Watu wa pwani pomboo kwao ni mtu mwema, anasaidia waliozama. Sidhani kama alipenda kumuona akitafuta samaki wa kutupiwa.

Jioni tukakaa mchangani. Watu baharini wamejaa kama dagaa, na mama akauliza, kama papa wapo bahari hii, mbona hawa hawaogopi? Shemeji akasema kuna nyavu. Zimewekwa Durban tangu 1952. Kila mmoja una urefu wa mita 214 na kina cha mita sita, umetandazwa mbali kidogo na ufukwe. Mimi nilidhani ni ukuta, kwamba papa anagonga anarudi. Kumbe sivyo. Papa anaweza kupita juu, chini, au pembeni. Kazi ya wavu si kuzuia, ni kuwanasa wapungue, na humo humo wananasa kasa, taa na pomboo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Hilo ni jarife," akasema. "Wala usinizungushe na maneno. Jarife halichagui."

Ng'ambo ya mdomo wa bandari kuna mlima mrefu wa kijani umeingia baharini, wanauita Bluff. Shemeji akamwonesha mama: kule waliwahi kuishi watu wanaoitwa Wazanzibari mpaka leo, ingawa wengi asili yao ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waingereza waliwakamata kwenye majahazi ya watumwa, na kuanzia mwaka 1873 wakaanza kuwaleta Durban kupitia Unguja, wakapewa kazi. Wakakaa Bluff, Waislamu, na misikiti yao, mpaka serikali ya makaburu ilipowahamisha miaka ya 1960 kuwapeleka Chatsworth.

"Na huko kwao," mama akauliza, "waliambiwa?"

"Waliambiwa nini, mama?"

"Kwamba wako hai."

Shemeji akasema hadhani. Mama akatazama ule mlima mpaka taa za meli zikawaka. Ndipo mwenyewe, bila kuombwa, akawaita wanawe wawili wakae karibu, akawasimulia lile la matangani na lile la kisu. Mimi nikachukua watoto tukaenda kununua aiskrimu, foleni ndefu, na sikuharakisha. Tuliporudi mama watoto alikuwa amelala kichwa mapajani mwa mama yake kama mtoto wa miaka mitatu, na shemeji anachora chora mchanga kwa kijiti.

Mnaotaka kujua kama mama mkwe sasa anakula papa, hali. Na kwangu papa haiingii tena hata akiwa Mbagala, nikimtaka nakwenda kumla kwa mama ntilie, najificha. Kilichobadilika ni kimoja. Yule wa kiume alikuwa amechukua video kwenye simu yangu kabla hatujaondoka, kama dakika nne hivi, yule papa mmoja akipita kwenye kioo, anapotea, anarudi. Kila mama akija anasema, "Baba, nipe ile simu yako." Anakwenda nayo jikoni, anaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, anamenya vitunguu huku anaangalia. Bosi anapiga, haipokelewi. Jana nimerudishiwa, kioo kina nazi.